Mume Wangu Hakufa Baharini

Shangazi Deša, nakusoma kila Jumatano, leo nimeshika kalamu mimi. Nijibu kabla ya Jumamosi. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na mikono hii ina miaka thelathini na moja ya kuvuta reki kwenye mashamba ya chumvi.

Mimi ni mjane, nina miaka hamsini na nane. Mume wangu Baldo alikufa miaka minne iliyopita kwa kisukari. Walimkata mguu hospitali ya Dubrovnik, wakanirudishia nyumbani, akakaa kitandani miaka miwili na ushei. Nilimwogesha mimi. Nilimlisha mimi. Nilimgeuza ili mgongo usitoke vidonda, na vidonda vikatoka vilevile. Asubuhi naenda chumvini, saa nne nakimbia nyumbani kumsafisha, narudi kusukuma toroli. Msimamizi alijua akanyamaza, Mungu ambariki. Mwanangu Miho alikuwa Ireland, anafanya kazi kwenye ghala. Kila Jumapili akipiga simu namwambia baba yako anaendelea, amelala, wewe fanya kazi yako. Alikuja mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mazishini.

Nilivaa nyeusi mwaka mmoja. Najua wajane wa zamani hapa kwetu walivaa mpaka kaburini, lakini Baldo mwenyewe alinikataza, alisema wewe unashinda juani, nyeusi itakuchemsha kama pweza, vaa mwaka watu wasiseme, halafu vua. Nikavaa mwaka, tukasali misa, nikavua. Watu wakasema vilevile.

Mwaka juzi Miho akarudi na mkewe Ivona na binti yao Pave, ana miaka minne. Akaanza kazi ya kutembeza wageni. Anawachukua hotelini asubuhi, wanne au sita, peke yao, hawachanganywi na wengine. Anawapandisha kwenye ukuta wa zamani wa ngome ulio mlimani, wanapumua kama ng'ombe, anawashusha ghubani wanakula chaza palepale mashuani, divai kidogo, na saa sita anawaleta kwangu kwa chakula. Saa tisa wako njiani kurudi. Mimi napika pweza na viazi chini ya kifuniko cha chuma na makaa juu yake, na keki yetu ya makaroni, ndiyo, tambi ndani ya keki. Kupika silalamikii. Napenda.

Siku ya kwanza nilitoka chumvini moja kwa moja, nina kaptula, buti za mpira na kofia ya kituo cha mafuta. Miho akaniangalia akasema, "Mama, si hivyo." Akafungua kabati langu, akatoa sketi nyeusi, blauzi nyeusi na kitambaa cheusi. Akasema wageni wanapenda, inatoka vizuri kwenye picha. Nikavaa. Niliona ni jambo dogo, mtoto anaanza kazi. Mwaka jana msimu mzima nimevaa, na mwaka huu pia. Wageni wakiingia wananiangalia kwa upole, wanainamisha vichwa, wananishika mkono kwa mikono miwili. Mmoja alilia. Nikadhani wamempenda pweza.

Jirani yangu Stane, mjane mwenzangu, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu tukiwa shule, akawa ananisubiri kwenye ukuta wa ua kila gari likiondoka. "Vica wewe, leo umefiwa saa ngapi mpaka saa ngapi?" Nikamwambia afunge mdomo. Akasema, "Mjane wa saa sita mpaka saa tisa. Mimi nimefiwa kutwa nzima na hakuna anayenipiga picha." Nilicheka, Shangazi. Nilicheka kwa sababu nilikuwa sijui.

Wiki mbili zilizopita akaja bibi mmoja wa Australia. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Korčula wakati wa njaa, kwa hiyo anasema lugha yetu, ile ya kizamani, kama bibi yangu alivyosema. Akanifuata jikoni. Akanikumbatia, mimi nina mwiko mkononi, akasema, "Pole, mwanangu. Bahari haina huruma. Mwili wake hawakuupata kabisa?"

Nikamuuliza mwili gani.

Basi akaniambia yote aliyosimuliwa ndani ya gari. Kwamba mume wangu alikuwa mfuga chaza. Kwamba upepo wa kusini ulivuma, akatoka na mashua kwenda kuokoa kamba alizoning'inizia chaza, hakurudi. Kwamba tangu siku hiyo sijavua nyeusi, na kila jioni nakaa barazani naitazama bahari. Shangazi, mimi bahari sitazami. Nimeitazama chumvini miaka yote hiyo, imenitosha. Jioni nakaa barazani kwa sababu miguu inauma.

Na kaburi la Baldo liko pale juu. Ukitoka mlangoni kwangu unafika kabla hujamaliza sigara. Tangazo la kifo chake lilibandikwa ubaoni karibu na kanisa, na picha yake, limeandikwa "baada ya ugonjwa mrefu na mzito." Miho ndiye aliyelibandika. Kwa mikono yake.

Nilimrudisha yule bibi mezani kwa wenzake. Niliwapakulia wakala. Walipoingia garini nikamwita Miho pembeni nikamuuliza. Hakukana. Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha kuwachekea wageni, akasema, "Mama, ni hadithi tu. Watu wanakuja kula na kusikia kitu. Nani atakaa mezani afurahie chakula, unamwambia habari za mguu uliokatwa?"

Nikamwambia baba yako hakuwahi hata kumiliki mashua, alikuwa akitapika kwenye feri.

Akasema, "Basi nimempa mashua. Hajapungukiwa na kitu."

Nilimpiga kofi. Mtu mzima, ana ndevu, wageni wanatazama kupitia kioo. Sijutii. Aliondoa gari, na wiki ile hakuleta mtu.

Sasa Jumamosi hii anakuja mwanamke na kamera. Anatengeneza filamu za vyakula, inasemekana ana watazamaji wengi kuliko watu wa mkoa wetu mzima. Anakuja na mkalimani wake. Anataka kunirekodi nikipika na kunihoji kuhusu mume wangu. Miho hakuja kuniambia yeye. Alimtuma Ivona. Akakaa jikoni kwangu, anazungusha kikombe, akasema, "Mama, kazi hii ikifa tunarudi Ireland. Sikutishi. Nakwambia ilivyo." Na Pave yuko chini ya meza anacheza na vifuniko vya sufuria.

Kwa hiyo nimekwama. Nikikataa, wanaondoka na mtoto nitabaki kumwona kwenye simu. Nikisema ukweli mbele ya kamera namwaibisha mwanangu dunia nzima. Nikinyamaza, Baldo atakuwa amekufa baharini, imerekodiwa, imekwisha, na mimi miaka ile miwili sikufanya kitu, nilikaa tu nikangoja mashua. Hilo ndilo linalonichoma. Si nguo. Nimembeba yule mtu mgongoni kwenda msalani, kilo tisini, na mwanangu kanifanya mwanamke wa kukaa kutazama maji.

Niambie nifanye nini. Majina yaandike kama yalivyo, kijiji kijue.

Vica

SHANGAZI DEŠA ANAJIBU

Mama Vica, majina nimeyabadilisha yote, hata lako. Gazeti si fimbo ya kumchapia mwanao. Ukitaka kijiji kijue, una ukuta na una jirani nyuma yake, habari itafika kabla ya gazeti.

Hasira yako ni halali, kila chembe yake. Mtu aliyeuguza anajua alichofanya, na hakuna anayempa cheti. Kazi ile haina shahidi ila mgonjwa, na mgonjwa amekufa. Mwanao amechukua kitu pekee ulichobaki nacho cha kuonyesha, akakigeuza kiwe kitoweo cha watalii. Ni aibu. Angekuwa wangu ningempiga kofi mimi pia, halafu ningejuta kidogo, na wewe ujute kidogo, haitakuua.

Sasa nisikilize, kwa sababu na wewe una lako.

Umeandika kwamba kila Jumapili ulimwambia Miho baba yake anaendelea, amelala. Anaendelea wapi, mama? Mtu ana vidonda mgongoni, unambeba kwenda msalani, na kwenye simu amelala. Ulitaka kumlinda, najua, akina mama wa pwani hii wote ni wewe. Lakini mwanao hajui baba yake alikufaje. Alijua mguu ulikatwa, na alijua neno ugonjwa, akalibandika ubaoni. Alimwona akiwa hai mara moja tu, na safari ya pili alikuta jeneza. Mtu mwenye pengo la namna hiyo hulijaza kwa kitu chochote. Yeye alilijaza kwa bahari, kwa sababu baharini hakuna anayeuliza wewe ulikuwa wapi. Anayekufa baharini hafi akimwita mwanawe. Simtetei. Nakwambia tu uongo wake unatokea wapi, na kwamba nusu ya mbegu ulipanda wewe kwenye simu.

Na ile sketi. Nani aliifunga vifungo? Misimu miwili, mama. Ungesema hapana siku ya kwanza, ukiwa na buti zako za mpira miguuni, angenuna siku mbili akazoea. Ulijua moyoni kwamba mtu halii kwa sababu ya pweza.

Habari ya Ireland usiipokee kwa mjumbe. Ivona ni mkwe mzuri kwa nilivyosoma, amekwambia bila kuzunguka, lakini hilo ni la kusemwa na Miho, ameketi, anakutazama. Na nikwambie jambo. Watu hawahami nchi kwa sababu ya rangi ya blauzi ya mama yao. Wakiondoka, wataondoka kwa sababu ya kazi na maisha, na wangeondoka hata ungevaa nyeusi mpaka kiama. Usinunue mjukuu kwa uongo. Hata ukimpata, kila Jumamosi utamlipia tena.

Fanya hivi. Gazeti liko mkononi mwako leo Jumatano. Leo hii, ukitoka kazini, usioge, nenda kwa Miho. Mwambie maneno mawili: nyeusi sivai tena, na baba yako hakufa baharini. Usiongeze matusi, usimlaani, usilie kwanza ili akuonee huruma. Akibisha, usibishane. Mwambie Jumamosi utapika, maana wageni wameshaalikwa na pweza hana kosa, na utavaa nguo zako za kawaida. Yule mwenye kamera akikuuliza kuhusu mumeo, utamjibu ukweli kwa sauti ya kawaida, na mkalimani atafasiri. Miho achague mwenyewe kama atamweleza yule mwanamke kabla hajafika au atasubiri asikie kutoka kwako. Umempa siku tatu. Mtu aliyepewa siku tatu hajaaibishwa na mtu.

Kuhusu wageni kukosa hamu ya kula, mwanao hawajui watu. Hao wanaokuja kwako nao wana wazazi. Wengi wamesukuma kiti cha magurudumu, wengine walitakiwa kusukuma hawakusukuma. Waambie ulichofanya, uone kama kuna atakayeacha viazi kwenye sahani.

Lakini kabla ya wageni, mwanao. Hayo maneno mawili hayatoshi, ni ya kufungulia mlango tu. Ivona amchukue mtoto watembee. Wewe kaa na Miho umsimulie baba yake, mwanzo mpaka mwisho, yale uliyomficha kwenye simu: harufu, uzito, siku aliyokataa kula, siku alipomuulizia yeye. Usimpunguzie. Anza na siku waliyokata mguu. Akiinuka, mwambie akae, hujamaliza.