Bonge Lililoyeyuka Moyoni mwa Mama Neema

Alhamisi, Malvern. Baridi kavu, jua jeupe.

Kwa jina la Mungu atupaye pumzi, nakusalimu, shajara yangu, pamoja nanyi mnaopita hapa kusoma. Naandika nikiwa na utulivu ambao sikuwa nao kwa majuma kadhaa.

Mwezi uliopita mke wangu, Mama Neema, alipasuliwa goti. Ili damu yake isigande akiwa kitandani, alichomwa kila siku sindano ya kuifanya iwe nyepesi. Kama ilivyo desturi ya kanisa letu la Wakongomani tuishio huku ugenini, akina mama wa maombi walikwenda wodini, wakaiwekea mikono dawa ile kabla hajadungwa.

Baada ya siku chache pumzi ikambana. Daktari akakuta bonge la damu ndani ya moyo. Akatueleza jambo lililonishangaza: mara chache mwili huipinga dawa hiyo, na ile iliyoletwa kuzuia damu isigande ndiyo huigandisha. Akaamuru ikomeshwe mara moja, ianzwe nyingine.

Mama Neema akakataa.

"Dawa iliyoombewa haiachwi, Papa Neema. Kuiacha ni kukosa imani."

Mimi niliyesomea theolojia nikatafuta hoja ndefu, nisiipate. Muuguzi alisimama na dawa mpya mkononi, akinitazama. Niliogopa kumpoteza mbele ya macho yangu.

Nikasema tu, "Mama, hatukumwomba Mungu sindano. Tulimwomba uzima."

Akacheka kwa shida. "Eish! Leo umehubiri kwa ufupi. Huo nao ni muujiza."

Akamnyooshea muuguzi mkono.

Leo tumerudi kwa kipimo cha moyo. Nimeketi kando yake, macho nimeyakaza kwenye skrini. Daktari ameonya kwamba asidungwe tena dawa ile ya kwanza maisha yake yote, nasi tumewaagiza watoto walishike jina la dawa hiyo.

Lakini bonge halipo.

Tumeoana tangu tukiwa vijana kule Uvira, na habari za moyo nimezihubiri katika harusi nyingi. Leo nimeuona wa kwake kwa macho: mdogo, mkaidi, unapiga bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mbona unalia, Papa Neema? Nimepona mimi, umeugua wewe?"

Nikacheka huku nikijifuta machozi.

Nawe usomaye, Bwana aulinde mlango wa nyumba yako, na moyo wa kila alalaye ndani yake.