Maji au Umeme Chini ya Spas

Jumatatu, 7 Oktoba

Baridi imewahi mwaka huu. Asubuhi nimemkuta mume wangu Spas ameketi sakafuni sebuleni tena, mgongo ukutani, soksi moja tu. Kiti cha magurudumu hakitaki hata kukiona. Anajikokota kwa makalio, mguu wa kushoto unamfuata kama si wake. Tangu apate kiharusi, sakafu ndiyo njia yake. Na sakafu yenyewe barafu tupu! Jiko la kuni linapasha jikoni, basi.

Binti yetu Iskra kapiga simu kutoka Plovdiv. Hakuzunguka: baba alilazwa na nimonia msimu uliopita, mwaka huu hapana. Ama sakafu iwekewe joto kabla theluji haijashuka, ama anampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, huko mjini. Nikamwambia hapa ni kwake, kapajenga kwa mikono yake. Akasema, Mama, hapo hapo ndipo panapomuua.

Nikarudi kwenye pilipili nilizokuwa nachoma jikoni. Zimeungua zote.

Jumatano, 9 Oktoba

Gencho kapita. Mdogo wake Spas, fundi bomba, mdomo haupumziki. Sijamaliza kumweleza, yuko magotini anagonga mbao kwa vidole.

"Maji, shemeji! Mabomba ya maji ya moto yatambae chini kote, boila ya kuni ya kuyachemsha tuiweke ghalani. Kuni unazo, msitu wote huo mgongoni kwako!"

Nikauliza, na umeme je? Nasikia kuna nyaya za kutandika chini ya vigae.

"Umeme! Hapa kwetu theluji ikikohoa tu nguzo zinalala. Utakaa juu ya jiwe wiki nzima, unamkumbatia kaka."

Kanywa rakia yake, pombe kali ya matunda, kaondoka. Nimeona kasema kweli.

Jumamosi, 12 Oktoba

Iskra kaja. Na Gencho naye, kwa supu ya maharage — laiti nisingemwalika! Iskra ana picha kwenye simu: nyaya nyembamba kama tambi, zinatandikwa haraka, kila chumba na swichi yake. Mabomba, anasema, yanataka zege nene, sakafu ipande, milango yote ikatwe, zege likauke wiki na wiki. Theluji itasubiri?

Nimeona naye kasema kweli. Mimi ni mtu wa namna gani?

Gencho kamwambia nyaya zake zitakuwa pambo umeme ukikatika.

"Na pampu ya maji yako, baba mdogo, inasukumwa na nini? Maombi?"

"Betri!"

"Betri! Mama ndiye atakayepanda ghalani kushughulikia betri? Na kulisha boila kuni, na mgongo ule?"

Walikuwa wanazungumzia mgongo wangu. Mimi nilikuwa nakata mkate.

Kwa jambo moja tu wamekubaliana: mbao zitoke. Nene mno, zinazuia joto. Mbao za mjozi alizoranda Spas mwenyewe mwaka tuliooana, tukilala jikoni hadi alipomaliza.

Kisha wakamgeukia. Gencho: "Kaka, maji, au sivyo?" Spas: "Ndiyo." Gencho kapiga meza kwa furaha. Iskra kapiga magoti mbele yake: "Baba, umeme?" "Ndiyo." Wote wawili wameshinda! Wanajua vizuri kwamba hilo ndilo neno pekee lililombakia. Akitaka chumvi, ndiyo. Akiumwa, ndiyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Wameondoka. Nilimkalia karibu, nikamuuliza mwenyewe, polepole. Spas, unataka kwenda kwenye ile nyumba ya wagonjwa?

Ndiyo, akasema.

Nikatoka nje. Nikasimama kwenye kabichi mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimempigia daktari. Kasema mguu usiohisi usiachwe muda mrefu juu ya joto kali, utaungua naye asijue. Joto liwe la wastani. Nikauliza, la maji au la umeme? Kacheka kwa upole. Mama, hilo muulize fundi.

Fundi ninaye. Ndiyo shida.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kilele cha mlima kimeshakuwa cheupe. Asubuhi Gencho kashusha uani marobota ya mabomba. Mchana gari limeleta maboksi ya nyaya, Iskra kaagiza. Hakuna aliyeniuliza. Nikawapigia wote wawili, na wote wamenijibu hivyo hivyo: amua wewe, nyumba ni yako.

Sasa ni yangu!

Jumatatu, 21 Oktoba

Naandika nikiwa sakafuni. Nusu ya sebule haina mbao tena, udongo mtupu, harufu ya kaburi. Gencho alianza upande wa mlango kwa mtaimbo, Iskra akibeba mbao nje. Spas alikuwa kitandani, nilidhani kalala. Ubao wa katikati ulipolia ukichomoka nikamsikia anajikokota koridoni. Akawapita wote. Kafika kwenye mbao zilizosalia, chini ya dirisha, kajilaza kifudifudi, mkono mzima kautandaza.

Gencho akasimama na mtaimbo hewani. Yeye, mwenye maneno yote yale! Akauweka chini, akatoka kuvuta sigara. Iskra analia: "Baba, inuka, tafadhali." Nimejaribu kumwinua. Mzito kama gunia la saruji. Basi nikakaa naye. Chembe za theluji zinapita dirishani, chache, kama zinapima.

Gencho karudi mlangoni. "Shemeji, hatuwezi kubaki hivi. Nipe neno moja. Maji au umeme?"

"Mama, sema!"

Spas kanishika kifundo cha mkono. Midomo inahangaika. Si ndiyo — hii si ndiyo! "M," anasema. "M..." Jasho linamtoka. Huenda ni maji. Huenda ni mbao. Huenda ni mimi.

Nimewaambia wanyamaze. Iskra kafunika mdomo wake. Anajaribu tena: "M..." Naweka kalamu chini, nimsikilize yeye kwanza kabla ya kuwajibu.