Mwingereza Amepoa

Ta Laurenti,

Nakuandikia Ijumaa mchana nikiwa barazani kwangu hapa Kibeta, na tangu asubuhi sijameza kitu zaidi ya maji. Kesho ni misa yako ya mwaka. Mkeo Ma Koku ameagiza kwamba padri akishabariki kaburi, Mwingereza awekwe pale kibanjani, kati yako na migomba, nami nipige wimbo mmoja tu, ule tuliokuwa tukifungia harusi. Mwanao mkubwa, omusika wako, yaani mrithi, ameshatandika waya wa umeme kutoka sebuleni hadi kaburini. Ndugu wa Muleba wamefika tangu jana. Kila mtu yuko tayari, Ta, na mimi, Deusi mpiga ngoma na fundi redio mmoja ndio pekee tunaojua kwamba Mwingereza haimbi tangu masika.

Nimeandika hayo, nikainuka, nikazunguka nyumba, nikarudi. Bado yameandikwa.

Kosa ni langu. Nakuomba usinikatishe, maana ulikuwa na tabia hiyo, mtu anaanza kuungama na wewe tayari unamtafutia sababu.

Ngoja kwanza nikumbuke vizuri, labda moyo utapungua kasi. Ukumbi wa dansi wa mjini ulipofungwa, wenzako wa bendi waligombania magita na ngoma. Wewe ukachagua amplifaya ambayo hakuna aliyeitaka, kwa sababu wanaume wawili hawakuweza kuivusha mlango bila kupumzika. Nyuma ilikuwa na kibati kinachosema imetengenezwa Uingereza, basi ukaibatiza Mwingereza. Nilikuwa msichana wa kwaya wakati huo, nimeshika gita la parokia, watu wakinicheka. Wewe hukucheka. Ulichomeka waya wa gita langu kwa Mwingereza, ukaniambia nipige kamba moja tu. Nikapiga. Ile sauti ilinipita kifuani ikatokea mgongoni, nene, ya moto, nikaogopa nikaachia gita. Mpaka leo sijui kama niliwahi kuacha kuogopa.

Ukanifundisha kanuni zake kabla ya kunifundisha wimbo wowote. Unawasha swichi ya kwanza, kisha unachukua punje moja ya akamwani kwenye kikopo chako, unatafuna taratibu. Kahawa ikiisha mdomoni, ndipo unagusa swichi ya pili. Mabwana harusi walikasirika, washereheshaji wakaja kutuuliza kama umeme umekatika, na wewe unatafuna tu. "Mpola, Ade," ulikuwa ukiniambia. "Mzee haamshwi kwa kumvuta mguu."

Na kazi ikiisha, kanuni ya pili: hakuna kumnyanyua akiwa na moto. Valvu zake, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, zikiwa za moto hazitaki hata kutikiswa. Ila kupoa kwake hukuamua wewe. Aliamua Ma Koku. Alikuwa anakuja na khanga yake, anaweka kiganja nyuma ya sanduku, anafumba macho kama anayepima homa ya mtoto. Akisema "bado," tulikaa, hata kama wenye viti vya kukodi wameshaondoka navyo. Akisema "amelala," ndipo tulibeba. Miaka yote ile sikukusikia ukimbishia mke wako juu ya jambo hilo, wewe uliyebisha hata na kalenda.

Unakumbuka siku ile ya matope, gari lilipogoma chini ya kilima kule Izigo? Ukaazima engozi ya kitongoji, ile machela ya kubebea wagonjwa, ukamlaza Mwingereza ndani, ukamfunika blanketi ili mvua isimpate. Wanaume wanne wakabeba, mimi nyuma na gita. Watu wa njiani wakasimama pembeni, wazee wakavua kofia. Mama mmoja akauliza kwa huruma mgonjwa ni nani. Ukajibu bila kucheka, "Ni Mwingereza, waitu, kifua kinamsumbua." Yule mama akatuombea hadi tukapotea kwenye kona. Usiku huo Mwingereza aliimba hadi majani ya migomba ya ukumbini yakanyauka, na wewe ulisema ni maombi ya yule mama.

Wanaume wale wale walikubeba wewe mwaka jana, msimu wa senene. Mmoja alininong'oneza kwamba wewe ni mwepesi kuliko amplifaya yako. Nilicheka mazishini, Ta. Nilijifunika khanga wakadhani nalia, na kweli baada ya muda nilikuwa nalia.

Wiki yako ya mwisho uliniita. Ulisema nyumba na kibanja vina omusika wake, lakini Mwingereza ni wangu. Kisha ukanyoosha kidole kwa Ma Koku aliyekuwa anakukanda miguu. "Ila mkono ni wake." Nilisema nimeelewa. Watu husema wameelewa kirahisi sana mbele ya mgonjwa.

Sasa sikiliza. Masika tulipiga harusi Nyanga. Ma Koku hakuja, magoti yalimsumbua. Tulipomaliza, wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, jeusi, na dereva wa pikapu akaanza kupiga honi. Niliweka kiganja changu nyuma ya sanduku. Lilikuwa la moto, Ta. Siwezi kusema sikujua. Nikawaza mvua, nikawaza barabara ya Kibeta ikilowa, nikajiambia nyuma ya sanduku ni moto wa kawaida tu. Nikamwambia Deusi tunyanyue. Hatukufika mbali, gari likaingia shimo, nikasikia ndani ya sanduku kitu kimelia kidogo sana, kama kijiko kimegusa bilauri. Mvua yenyewe haikunyesha.

Nyumbani nilifungua nyuma. Valvu moja ilikuwa na ufa, na ndani ya kioo kumegeuka kweupe kama maziwa. Hata hivyo nikawasha, kwa ujinga wa mtu anayetaka kudanganywa. Nikatafuna punje nzima. Hakukuwa na mvumo, hakukuwa na kitu, kisha fyuzi ikakatika.

Na kama ningesema siku ile, leo ningekuwa nakula chakula changu cha mchana kama watu. Sikusema. Harusi ya mjukuu wenu kule Muleba ilikuwa imekaribia, na Ma Koku alikuwa ameahidi watu kwamba watamsikia Mwingereza. Nikatafuta ampu ndogo ya kisasa, ya plastiki, unaibeba kwa vidole viwili, nikaificha ndani ya sanduku, nyuma ya kile kitambaa cha mbele. Nikawasha. Nikatafuna kahawa mbele za watu, Mungu anisamehe, nikingojea kitu ambacho hakihitaji kungojewa. Watu wakacheza. Ma Koku alikuwa amekaa mbali, bandani kwa akina mama, na wimbo ulipoisha aliletwa ameshikwa mkono, uso umelowa. "Leo nimemsikia mzee wangu," alisema. Halafu akanyoosha kiganja kuelekea nyuma ya sanduku.

Nikamshika mkono njiani. Nikamwambia, "Ma, tumeshazima muda mrefu. Amelala."

Neno lake mwenyewe, Ta. Nililichukua mdomoni mwake nikamfungia nalo mlango. Aliniamini. Alinipapasa shavu akasema wakola, mwanangu, ahsante kwa kumtunza. Tangu hapo nikipita njia ya kwenu Izigo naangalia upande wa pili.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia kesho kaburini. Safari hii Ma Koku hatakaa bandani. Kiti chake kitakuwa hapo hapo pembeni ya sanduku, na mkono wake utakwenda wenyewe, kama ulivyozoea. Atakuta ubao wa baridi unaoimba. Nimelifikiria jambo hili kila upande. Nimefikiria hata kuweka chupa ya maji ya moto ndani ya sanduku. Ndiyo, mwanafunzi wako amefikia huko. Nilikuwa nimeshaiandaa chupa yenyewe, nikajiona kwenye kioo cha kabati nimeikumbatia, nikaenda kuimwaga.

Basi juzi nikapeleka ukweli kwa fundi redio mmoja mzee, mtu wa kwanza kuusikia nje ya Deusi. Hakunicheka. Alikuwa na redio ya mbao ya zamani ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, akaichokoa ndani akatoa valvu ya aina ile ile. Moja tu. Akanionya kwamba kama tatizo ni valvu iliyopasuka, Mwingereza ataimba. Kama transfoma nayo imeungua siku ile nilipowasha kwa kiherehere, hii nayo itakufa, na nyingine hana, wala hajui mwenye nayo. Alitaka tuijaribu pale pale. Nilikataa. Nilimwambia mikono yangu haitoshi.

Iko hapa mezani, nimeiviringisha kwenye soksi. Kila baada ya muda naifungua kuona kama bado ni nzima.

Nilichoamua ni hiki. Kesho alfajiri natangulia nyumbani kwenu Izigo, na Mwingereza kwenye pikapu, kabla ya ndugu kwenda kanisani. Ile ya plastiki nimeshaitoa, iko kabatini, nimemwachia Deusi ufunguo ili hofu isinirudishe. Nitamkuta Ma Koku jikoni. Nitamwomba aweke kiganja chake nyuma ya Mwingereza akiwa wa baridi, kisha nitamwambia alipoa lini, na kwamba kule Muleba nilimdanganya kwa neno lake. Akitaka kunifukuza, anifukuze mbele ya sanduku, si mbele ya kaburi lako. Naogopa kilio chake kuliko hasira yake. Alilia kwa sauti ile, Ta, na ile sauti haikuwa yako. Sijui mtu anarudishiwaje machozi ya namna hiyo.

Akiniruhusu kubaki, valvu ataiweka yeye. Nitamwonyesha tundu, lakini vidole viwe vyake. Nitawasha ya kwanza, nitampa punje moja kutoka kwenye kikopo chako, nami nitachukua moja. Meno yake hayana kasi siku hizi. Itachukua muda, na mimi nitakaa.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakuahidi sitagusa swichi ya pili mpaka Ma Koku awe amemeza, na sitamnyanyua tena Mwingereza mpaka niambiwe na mkono wake. Akiimba, utasikia mwenyewe, ni hatua chache tu kutoka ulipo. Asipoimba, nitapiga gita tupu, bila waya, na itabidi sote tusogee karibu.

Wako,
Ade