Saa Moja ya Maporomoko ya Juu

Jumatatu, 3 Juni

Bango jipya limesimikwa leo pale getini, kwenye mdomo wa korongo. Zuri, sikatai. Mbao nene, rangi ya kijani, herufi nyeupe. Njia tatu zimeorodheshwa. Maporomoko ya Chini, dakika 10. Maporomoko ya Kati, dakika 25. Halafu Maporomoko ya Juu, njia yangu mimi: SAA 1.

Saa moja! Mimi ndiye niliyeichimba ile njia. Miaka mitatu iliyopita palikuwa na vichaka na mawe meusi ya volkeno yanayokata soli ya kiatu kama wembe. Nilianza na jembe la kuazima, na asubuhi nilikuwa nafua nguo za watu. Leo kuna ngazi 214, zote nimezipanga kwa mikono hii, hakuna hata moja inayozidi kimo cha shubiri. Kutoka getini hadi kwenye maji ni hatua 1,380. Nikiwa peke yangu, dakika 19. Nikiongoza watoto wa shule, 23. Nikiwa na wale walimu wastaafu, 27 — na hapo mmoja alikuwa anatusimulia harusi yake tangu posa.

Nimeuliza hiyo saa 1 imetoka wapi. Imetoka kwa shemeji.

Shemeji ni mdogo wake baba watoto, karani wa ofisi ya hifadhi. Njia ameipita mara moja tu, mwaka jana, nami nilikuwepo. Alifunga kamba za viatu mara tatu. Kwenye zile nguzo za mawe, mahali pekee simu inaposhika mtandao, aliongea dakika 11 kuhusu godoro. Kumbe muda wote huo mwenzangu alikuwa anapima njia.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda getini. Familia ya watu watano imefika saa nne asubuhi, wamesoma bango, wakageuza. Nikawakimbilia. Baba mtu akasema wamechelewa: Maporomoko ya Juu ni saa moja, watajaribu kesho. Nikamwambia saa moja ni mwendo. Mkewe akauliza, yaani mwendo unaanza saa moja? Nikaeleza upya. Binti yao akataka kujua ikishapita saa moja maji huwa yanakwenda wapi.

Mchana wamekuja vijana wawili na mabegi mgongoni. Wao swali lao lilikuwa moja tu — ya asubuhi au ya jioni?

Nikaenda kwa fundi wa mabango. Hana kosa. Amenitolea karatasi aliyopewa, na mwandiko ni wa shemeji: "saa 1", basi. Hakuna "mwendo wa", hakuna chochote. Nikamuuliza, fundi, na wewe hukuona utata? Akasema, "Mama, mimi nilijua ndiyo saa ya kufungulia maji." Nimecheka hadi nikakalia kopo lake la rangi. Bahati nzuri lilikuwa na kifuniko.

Lakini nimerudi nyumbani kicheko kimekatika. Chini kabisa ya bango kuna maandishi madogo: Wazee na watoto waruhusiwe njia za chini ya dakika 30 tu. Na wageni wangu ni akina nani? Wazee na watoto, wanane katika kila kumi. Vijana wana miguu yao, hawahitaji kuongozwa. Hiyo SAA 1 ikibaki pale, mimi nimerudi kwenye beseni la kufulia.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisini. Kuna mkaguzi mpya — mrefu, mpole, anaongea kama anayehofia kuamsha mtoto. Nimemwekea mezani namba zangu zote, tarehe kwa tarehe, safari 61. Shemeji alikuwa pembeni anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Akasema mimi shemeji yake nina hasira bure, yeye aliandika mwendo wa mtu wa kawaida. Nikamuuliza, mtu wa kawaida hununua godoro njiani? Mkaguzi akageukia dirisha, mabega yanamtikisika.

Nikaona nimalizie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nikasema, na huyu hakukilalia, alikikalia tu.

Uamuzi umetoka. Jumamosi mkaguzi atapima mwenyewe. Kanuni yao inasema njia rahisi ni ile anayoweza kuipanda mtu wa zaidi ya miaka sitini, kwa miguu yake, bila kushikwa mkono, chini ya nusu saa. Mzee nimlete mimi. Walimu wastaafu nimewapigia simu, wote wamesafiri.

Jioni nimeyasimulia mezani. Mama mkwe akamaliza kutafuna, akafuta mdomo, akasema yeye ataenda. Kijiko cha baba watoto kikasimama hewani.

Ana miaka 67. Goti la kushoto linamlalamikia hata akienda kwa jirani. Na shemeji ndiye kitindamimba wake, mtoto ambaye hajakosea kitu tangu azaliwe. Akiwahi kufika, amemuumbua mwanawe mbele ya bosi wake. Akichelewa, nimekwisha mimi.

Nikamuuliza kwa adabu: mama, na goti je? Akasema, "Goti halina upande, mke wa mwanangu. Mwenye goti ndiye ana upande." Sijui nishukuru au niogope.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefagia ngazi zote 214. Mvua ya juzi ilikuwa imeshusha yale majivu meusi ya mlima, laini, yanayoteleza kama sabuni. Ngazi ya 131 ilikuwa inacheza, nimeitia kabari.

Alasiri shemeji amekuja. Amekaa na mama yake barazani, mimi niko dirishani naanika nguo zilizokwisha kukauka. Akamwambia mama, kule ni mbali, utaumia bure. Mama mkwe akamuuliza ni mbali kiasi gani. Akajibu, saa nzima. Mama mkwe akauliza kama alihesabu saa hiyo na miguu au na makalio.

Nimeingia jikoni kucheka. Bado sijajua yuko upande wa nani.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa njiani, juu ya korongo, daftari liko gotini.

Tumeanza saa mbili na dakika sita. Mkaguzi mbele na saa yake ya kuhesabu sekunde, mama mkwe akafuata, mimi wa tatu, shemeji mkiani. Dakika ya 9, nguzo za mawe — zile ndefu nyeusi zenye pande sita, zimebanana kama penseli kwenye kopo. Mama mkwe akauliza fundi wake nani. Mkaguzi akamwambia ni moto wa mlima, ulipopoa mawe yakapasuka hivyo. Mama mkwe akasema moto huo una mkono mzuri kuliko waliojenga jiko letu.

Dakika ya 15, ngazi ya 100. Hajamshika mtu. Shemeji ndiye aliyeomba tupumzike. Mama yake hata hakugeuka: "Pumzika wewe, baba. Sisi tunapimwa."

Hapo ndipo nilipojua upande. Nusura nilie, ila nilikuwa nahesabu.

Dakika ya 20, sauti ya maji. Zimebaki hatua 240, dakika nne na kidogo. Moyoni nilishaanza kulifuta lile bango.

Dakika ya 22 na nusu. Zimebaki hatua 92. Mama mkwe akaona kidimbwi pembeni mwa njia, kile kinachotoa mvuke asubuhi. Akachovya kidole. Maji vuguvugu — chini huko mlima bado una moto wake. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akatia miguu hadi magotini.

Nikamwambia, mama, bado hatua 92 tu. Akasema basi hazitakimbia.

Dakika ya 25 nikamwambia saa inakwenda. Akasema iende, ndiyo kazi yake.

Mkaguzi akamuuliza kwa ule upole wake kama amechoka, kwani akichoka inabidi aandike. Mama mkwe akamtazama kuanzia buti hadi kofia. "Nichoke na nini? Njia yenyewe kama ya kwenda chooni." Wakati huo shemeji ndiyo anafika, kashika kiuno. Akamgeukia. "Na wewe uliandika saa nzima? Njoo ukae hapa kwanza, utaandika saa tatu."

Dakika ya 28. Shemeji amekaa. Ametia miguu. Anatabasamu kama mtoto aliyesamehewa.

Ndiyo nimetoa daftari. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi, maana nikimvuta mama mkwe asimame, atakuwa ameshikwa mkono, na kanuni imevunjika.

Dakika ya 31 kwa saa yangu. Imepita. Ya mkaguzi sijui — alikuwa ameibana kiganjani, sikuona kidole chake kilibonyeza lini. Amefungua fomu. Anaandika, lakini si namba. Namba haichukui mistari mitatu. Sasa anamuuliza mama mkwe yale maneno ya chooni ayaandike vilevile au ayapambe kidogo. Mama mkwe anasema ayaandike vilevile, ila aandike akiwa amekaa, na buti azivue, maji haya hayamngojei bosi. Mkaguzi ananitazama mimi. Ananyoosha ile saa niishike, anainama kwenye buti zake, na mimi namba ya saa naisoma: 22 na nusu, imesimama tangu mama mkwe alipokaa.