Kago la Kona ya Matete

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Kikao cha kamati ya ziwa. Tumekubaliana: kona ya matete imefungwa hadi mwisho wa Juni, samaki wazae. Mwenyekiti, Mzee Gona, alikuwa amechoka. Anasema kila mwaka tunafunga na kila mwaka nyavu zinaingia. Kweli. Mwaka jana nilikuwa nanunua tilapia wadogo kuliko kiganja changu, nikiwakaanga wanaishia kwenye mafuta! Wateja wangu wa Kisumu Ndogo, pale Malindi, wakahamia kwa muuza kuku. Samaki wakiisha, mimi na mwanangu Nicholas tutarudi bara kula nini?

Baada ya kikao nikaenda kuchungulia. Chini ya maji kuna vishimo vya mviringo, kama sahani zilizopangwa, kila kimoja na dume lake linalozunguka. Nani aliwafundisha kuchimba kwa mdomo? Nilikaa mpaka jua likanichoma shingo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyavu tena konani. Nimekasirika!

Nikirudi nimepita shambani kwa Dena. Hakuna ukuta, hakuna mbwa, na minazi imejaa nazi. Kwenye mnazi wa kwanza kuna kitambaa chekundu na gamba la konokono. Nikamwuliza mkewe. Akacheka, akasema ni kago. Mwizi akigusa atavimba tumbo, au mguu. Nikauliza limefungwa na nani. Hapo hakucheka. Hayo hayaulizwi.

Mimi nauliza tu. Kinachomzuia mwizi ni dawa, au ni kule kukiona kitambaa?

Jumatatu, 14 Aprili

Nimejaribu. Nimechana leso yangu kuukuu, nyekundu, nikafunga vipande kwenye miti minne iliyosimama majini konani, kila kimoja na gamba lake. Sikusema neno, sikuomba, sikuchinja kitu. Njiani nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuna wavu hata mmoja! Mitumbwi inapita mbali. Mzee Gona anadhani ni wazee wa ng'ambo ya ziwa waliofunga. Wale wa ng'ambo wanadhani ni yeye. Sasa wanaamkiana kwa heshima ya ajabu. Nimenyamaza.

Leo nimeona tilapia akiwameza wanawe wote. Nikashika kichwa. Halafu akawatema, wazima, wakatawanyika!

Jumapili, 18 Mei

Kazungu mgonjwa. Ndiye mvuvi anayeniuzia samaki. Aliingia konani kwa kuiba, akakanyaga kambare, mwiba ukazama unyayoni. Mguu umevimba hadi gotini na unanuka. Hospitali hataki. Anasema sindano juu ya kago inaua. Kwanza lifunguliwe na aliyelifunga. Mkewe, Vivian, amezunguka kijiji kizima akiuliza. Nani atakubali?

Naogopa. Hapa mtu akiitwa mchawi hana amani tena, na wako waliouawa. Na mimi ni wa kuja. Lakini ule mguu nimeuona kwa macho yangu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda. Nimesema mbele ya Vivian na Mzee Gona: ni mimi, na ni leso tu, niliinunua sokoni Malindi. Nilitarajia matusi. Kazungu akanitazama, akasema kwa upole:

"Kila aliyefunga husema ni kitambaa tu. Nifungulie, Mama Nicholas, niende hospitali."

Nikaapa kwa Biblia. Mzee Gona akaninong'oneza kwamba nazidi kuwatisha. Kago la mtu wa bara, nani hapa anajua dawa yake?

Basi nikaingia majini. Watu wamejaa ufuoni. Mafundo yamelowa, yamekaza, nikayafungua kwa meno. La mwisho lilinishinda, na nikajikuta nasema, "Mwache aende." Namwambia nani? Sijui. Ila lilifunguka.

Kazungu akapakiwa kwenye pikipiki. Vivian amepiga simu kutoka Malindi: wamempasua, usaha umetoka, mguu atabaki nao. Nimelia. Hakuniita Mama Nicholas kama kawaida yake. Alisema tu, "Asante," akakata.

Jumanne, 20 Mei

Nyavu zimejaa konani tangu alfajiri. Wamevuta hadi wale wadogo wa juzijuzi. Nilipofika kununua, wavuvi walinipisha njia. Hakuna aliyebishana nami bei. Nicholas amerudi nyumbani mapema kutoka shuleni. Wenzake hawataki kukaa naye dawati moja.

Mzee Gona amekuja sasa hivi. Anataka nifunge kona tena, leo, kabla samaki hawajaisha. Nikamwambia: Mzee, nilikueleza ni leso. Akasema anajua, ni leso, amenielewa vizuri.

Nimeingia ndani kama natafuta kitu, naandika. Namwona kupitia dirisha. Nimemkaribisha mara mbili hajasogea. Amesimama mbali na mlango, na mkononi ana kuku mwekundu.