Sitauza Tena CD za Ngono

Alhamisi, Guangzhou, 2008

Kumbe ni intaneti itakayoniachisha biashara hii. Mama Chen, aliyeniuzia CD za ngono miaka minne, leo nimemkuta anafunga duka. "Mei you," akasema, hakuna tena. "Watu wanatazama bure kwenye kompyuta."

Nilikasirika. Wateja wangu wa Mombasa nitawaambia nini?

Nikapanda basi hadi Shiling, kwenye soko la mikoba, nikaagiza ya kike. Jioni mke wangu akapiga simu, akauliza kama kawaida, "Umenunua nini, Baba Salma?"

Kila safari nilimdanganya kuwa ni CD za katuni.

"Mikoba," nikasema. "Na wako nimeuchagua, mwekundu."

Akacheka.

Sijui kama mikoba hii itauzika. Ukweli wa zile CD bado sijathubutu kumwambia. Ila leo sikumdanganya, alhamdulillahi.