Sweta sita za Krismasi

Desemba 25, Kitengela

Sufu. Mtu mzima ametoka Embulbul na jua hili lote akituletea sweta za sufu, nyekundu, zimechorwa theluji. Hapa Kitengela, ambapo hata mvua tunaisikia kwa redio.

Nyambura, dadake mume wangu, alizileta sita: yake, ya bwanake, ya Baba Kui na za watoto watatu. Mimi ndiye wa saba.

"Nilijua wewe utakuwa jikoni, Mama Kui," akaniambia, kana kwamba ananihurumia.

Nikarudi kwa chapati. Nilikuwa nimekanda unga kilo nne tangu alfajiri.

Nje walipiga picha saa nzima, nyama ikipoa. Watoto wanalia wanawashwa shingo, Nyambura anawaambia, "Smile." Baba Kui naye anatabasamu kama mtu anayegombea kiti cha MCA. Hakuuliza yangu iko wapi.

Afadhali watoto. Mara tu simu zilipowekwa chini, walivua sweta zao, moja wakamvisha mbwa. Ilimtosha kuliko Baba Kui. Nilicheka peke yangu kando ya jiko.

Najua ni upuzi kukasirikia sweta. Nisichojua ni kama nimekasirikia sweta ama aliyeivaa bila kuuliza.

Kabla ya kulala, Kui amepitia picha zote kwa simu ya babake, akazirudia tena.

"Mama, kwani leo ulikuwa umesafiri?"

Baba Kui alimsikia. Akaendelea kutafuna chapati.